Watu wazima nao waruke kamba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwakumbushe wasomaji wenzangu mchezo ambao wengi wetu tuliuacha tulipomaliza shule ya msingi, yaani kuruka kamba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150, na kuruka kamba kwa kasi kumo katika kundi hilo la pili. Mabondia wanalijua hilo tangu zamani.

Kinachowazuia wengi ni aibu: mama wa makamo akiruka kamba uani, majirani watacheka. Na wacheke; naye atacheka pia, kwa kuwa ni vigumu kuruka kamba huku umenuna.

Anayeanza aruke chini chini, kiasi cha kamba kupita tu, atue kwa sehemu ya mbele ya nyayo huku magoti yakiwa yamelegea kidogo, na achague udongo badala ya zege. Mwenye maradhi ya moyo au ya magoti amwone daktari kwanza.

Vikundi vya jogging vya hapa Dar es Salaam vingeweza kubeba kamba ndefu moja au mbili, watu wawili wakazungusha na wengine wakaingia kwa zamu, wazee wakianza.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam