Barua ya malalamiko: Taarifa za wateja wetu na bei mnazozitangaza

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MATUMIZI YA TAARIFA ZA WANUNUZI WA MAGARI NA UPANGAJI WA BEI KATIKA TOVUTI YENU

Ninaandika kwa niaba ya duka letu la magari, ambalo kwa miaka minne limekuwa mwanachama wa huduma yenu ya tovuti inayowaonyesha wanunuzi bei za magari na kuwaelekeza kwa wauzaji, kulalamikia mambo mawili ambayo tumeyaeleza kwa simu mara kadhaa kwa maofisa wenu bila kupata jibu la maandishi. La kwanza ni namna mnavyochukua na kutumia taarifa za watu walionunua magari kwetu. La pili ni bei mnazozitangaza kuwa ndizo bei za soko, ilhali zimetokana na ankara zetu wenyewe. Nimeyaweka katika barua moja kwa sababu chimbuko lake ni moja, yaani faili inayotoka katika mfumo wetu wa mauzo kila usiku na kuingia katika seva zenu.

Tulipojiunga, ofisa wenu alitueleza kwamba kampuni ingehitaji kujua ni nani kati ya watu mliotuletea aliyenunua gari, ili muweze kututoza ada ya kila mauzo. Hilo tulilikubali bila shida. Dalali akimleta mnunuzi na biashara ikafungwa, ana haki ya ujira wake, na hawezi kuudai kama hajui kwamba biashara imefungwa. Kwa sababu hiyo tuliruhusu mfumo wenu usome kumbukumbu zetu, na ninakiri kwamba hatukuuliza ungesoma kiasi gani. Mwezi uliopita, mhasibu wetu na fundi wa kompyuta waliifungua nakala ya faili hiyo kwa mara ya kwanza. Walikuta jina kamili la mnunuzi, namba ya simu, anwani ya makazi, tarehe ya kuzaliwa, namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17, bei aliyolipa, thamani tuliyolipa gari lake la zamani, jina la benki iliyomkopesha na muda wa mkopo. Isitoshe, faili hiyo ilikuwa na majina ya watu ambao hawajawahi kuigusa tovuti yenu, wakiwamo waliokuja kwetu kubadilisha mafuta ya injini tu. Sioni ni ada gani inayohitaji tarehe ya kuzaliwa ya mtu aliyeleta gari lake kwa matengenezo.

Kilichotufanya tuifungue faili hiyo ni mama mmoja aliyenunua gari kwetu na kulipa taslimu. Alirudi dukani akiwa na simu mkononi, akatuonyesha ujumbe kutoka kwa kampuni asiyoijua iliyomtaka anunue dhamana ya ziada, na ujumbe huo ulitaja aina ya gari lake na mwezi aliolinunua. Jina lake lilikuwa limekosewa herufi moja. Karani wetu ndiye aliyelikosea siku ya kuliingiza katika mfumo, na kosa hilo halipo katika kitambulisho chake, katika hati ya usajili wa gari wala katika bima yake, kwa sababu zote hizo zilijazwa kutoka katika kitambulisho. Lilikuwa katika mfumo wetu na katika faili mnayoichukua. Sina uthibitisho kwamba ninyi ndio mliolitoa nje, na sitadai nisichoweza kukithibitisha, lakini hatuna mtu mwingine tunayempelekea faili hiyo, na ninawaomba mtueleze herufi hiyo ilifikaje kule. Mama huyo alituuliza swali moja tu: «Namba yangu niliwapa ninyi, nanyi mmempa nani?» Sikuwa na jibu la kumpa. Nimefanya biashara hii kwa muda mrefu, na sikumbuki siku niliyoona aibu mbele ya mteja kama siku hiyo.

Mkataba wenu una kifungu kinachowaruhusu kutumia taarifa zetu «kwa kuboresha huduma na kuandaa bidhaa nyingine», na kingine kinachosema ruhusa hiyo inaendelea hata baada ya sisi kujitoa. Tulivitia saini, ni kweli. Hata hivyo, muuzaji hawezi kumpa mtu mwingine haki ambayo yeye mwenyewe hana. Mteja hutupatia namba yake ili tumjulishe gari lake likifika, tumwandalie hati na tumkumbushe matengenezo, na ridhaa yake inaishia hapo. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zimejengwa juu ya msingi huohuo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililotajwa, zisizidi zinazohitajika kwa lengo hilo, na zisigeuziwe matumizi mengine kiholela. Nchini Marekani, muuzaji wa magari anayewapangia wateja mikopo huhesabiwa kuwa taasisi ya fedha chini ya kanuni za usalama wa taarifa zilizorekebishwa mwaka 2021, na anawajibika kuwasimamia watoa huduma aliowapa taarifa hizo. Maana yake ni kwamba seva zenu zikivamiwa, jina litakaloandikwa katika malalamiko ya mteja ni letu. Tunabeba dhima ya kitu ambacho hatujui kimehifadhiwa wapi, kwa muda gani, wala kinasomwa na nani.

Sasa nije kwenye bei. Tovuti yenu inamwonyesha mnunuzi mchoro wa bei ambazo watu «wamelipa» kwa gari la aina fulani, kisha inazigawa katika bei nzuri, bei ya kawaida na bei ya juu. Mnunuzi anauamini mchoro huo kwa sababu anaambiwa umetokana na mauzo halisi. Mauzo ni halisi kweli, lakini namba moja iliyokatwa kutoka katika ankara haiwezi kueleza biashara nzima. Gari likiuzwa kwa mtu anayetuachia gari lake la zamani, tunaweza kupunguza bei ya gari jipya na kulithamini la zamani kwa kiasi kidogo, au tukafanya kinyume chake, na jumla anayotoa mfukoni ikabaki ileile. Katika mchoro wenu, mauzo ya kwanza yataonekana kuwa punguzo kubwa na ya pili kuwa bei ya kunyonya. Gari la maonyesho ambalo wateja wamelijaribu kwa miezi kadhaa huuzwa kwa bei ya chini kuliko lililotoka kontenani jana, ilhali katika faili yote mawili ni mapya. Mwishoni mwa mwezi, muuzaji aliyebakiza gari moja tu ili afikie lengo la mtengenezaji anaweza kuliuza kwa hasara, kwa kuwa bonasi ya kufikia lengo itafidia pengo hilo. Bei hiyo ilikuwa ya gari moja siku moja. Ninyi mnaifanya kuwa kipimo cha magari yote, na wiki inayofuata mteja anaingia dukani akiwa na mchoro uliochapishwa, akiamini kwamba tunataka kumwibia.

Mchoro ukishasogea chini, muuzaji anayetaka kubaki katika kundi la bei nzuri hulazimika kuuza chini yake, na mauzo hayo nayo huingia katika faili ya usiku na kuusogeza chini tena. Ninyi hamnunui gari, hamlihifadhi, hamlipi riba ya mkopo wa bidhaa wakati gari limekaa uwanjani bila mnunuzi, wala hamrudishiwi likiharibika. Ada yenu haibadiliki hata muuzaji akipata hasara. Muuzaji naye hutafuta pa kufidia, na najua wenzetu wanaofidia kwa gharama za makaratasi zisizotajwa katika tangazo, au kwa riba ya mkopo. Mnunuzi aliyekuja akidhani amepata bei nafuu anaishia kulipa zaidi mahali asipopatazama. Sitaki duka letu lifike huko, na hiyo ndiyo sababu kubwa inayonifanya niandike.

Kuhusu ada, nitasema kwa ufupi. Katika miezi sita iliyopita mmetutoza kwa wateja ambao walikuwa wetu kabla ya kuifahamu huduma yenu. Mmoja amekuwa akitengeneza magari yake kwetu tangu duka lilipofunguliwa. Usiku wa kuamkia siku ya kununua aliangalia bei katika tovuti yenu, namba yake ya simu ikalingana na ya kwenye faili yetu, nasi tukaletewa ankara. Orodha ya ada tunazozipinga imeambatishwa, ikiwa na tarehe ambayo kila mteja alisajiliwa kwetu kwa mara ya kwanza. Majina tumeyaondoa kwa makusudi.

Tunachoomba ni hiki. Mtupatie kwa maandishi orodha ya kila aina ya taarifa mliyoichukua kutoka katika mfumo wetu tangu tulipojiunga, matumizi yake, na majina ya kila kampuni mliyoipatia, iwe kwa kuuza, kwa kubadilishana au kwa njia nyingine yoyote. Mfute taarifa za watu wote ambao hawakupitia kwenu, na mtupe uthibitisho uliosainiwa kwamba zimefutwa pia katika nakala za akiba. Bei zetu ziondolewe katika mchoro hadi mtakapokuwa na njia ya kutenganisha mauzo yenye gari la kubadilishana, magari ya maonyesho na mauzo ya bonasi. Ada zilizo katika orodha zirejeshwe.

Maofisa wenu wamekuwa wakisema kwamba bila faili nzima hamwezi kuhakiki mauzo. Si kweli. Kila upande unaweza kuigeuza namba ya simu kuwa alama fiche, kisha alama zikalinganishwa bila mmoja kuona orodha ya mwenzake. Kwa kuwa namba za simu ni rahisi kukisiwa moja baada ya nyingine, alama hizo zitengenezwe kwa ufunguo wa siri unaoshikwa na mhakiki asiye na maslahi kwa upande wowote. Alama zikilingana, tutawatumia tarehe ya mauzo na aina ya gari, na hizo zinatosha kuandikia ankara. Fundi wetu yuko tayari kukaa na wenu walitekeleze.

Hatupingi mnunuzi kujua bei kabla ya kutoka nyumbani, na wapo wateja wazuri mliotuletea ambao bado wanakuja. Tungependa kuendelea nanyi kwa masharti haya. Wakati tunasubiri jibu lenu, ambalo tunaliomba ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nimeagiza faili ya usiku isimamishwe kuanzia leo. Mauzo ya watu mliotuletea tutawaarifu wenyewe kila mwisho wa wiki, na ada zake zitalipwa kama kawaida. Nakala ya barua hii nimempa yule mama, kwa kuwa anastahili kuona tulichouliza kwa niaba yake, na jibu lenu pia nitampelekea.

Wenu katika biashara,

Meneja Mkuu