Matokeo ya utafiti yarudi shehia kabla tasnifu haijapokelewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi tunaoishi mashamba na pwani za Pemba linatufikia kila mwaka, ilhali wenye kulipangia taratibu wako vyuoni na pengine hawalioni kutokea huko waliko. Jambo lenyewe ni utafiti wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza na wale wa shahada ya uzamili, wanaokuja katika shehia zetu, yaani maeneo madogo ya utawala yanayoongozwa na masheha, kukusanya majibu, wakaenda kuandika tasnifu, na sisi tuliowajibu tusijue kilichoandikwa. Wako wanaolilalamikia hili kwa upande wa shukrani, kwamba si uungwana kuchukua bila kurejesha. Mimi nalileta kwa upande wa usahihi wa elimu yenyewe. Tasnifu ambayo matokeo yake hayakurejeshwa kwa waliohojiwa inaweza kubeba makosa ambayo msimamizi hawezi kuyaona na mtahini hawezi kuyaona, kwa sababu wanaoyajua ni wale waliohojiwa tu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa skuli ya sekondari, na sasa ni katibu wa kamati ya wavuvi ya shehia katika Wilaya ya Micheweni. Barua za watafiti zikishapita mkoani na wilayani na kufika kwa sheha, mara nyingi huishia mikononi mwangu, na mimi ndiye ninayewatafutia wanafunzi hao watu wa kuzungumza nao. Wanatoka vyuo mbalimbali, vya hapa Zanzibar, vya Bara na vya nje. Ni vijana wenye adabu na bidii, na lawama yangu haiwahusu wao, kwani wanafanya walivyofundishwa na wanakwenda na ratiba waliyopewa.

Chukua mfano wa dodoso la kilimo cha mwani. Karibu kila dodoso la mwani nililolishika lina swali la kipato cha mwezi. Mkulima wa mwani hahesabu kwa mwezi, kazi yake inakwenda na maji. Bamvua likifika, yaani siku ambazo maji hujaa na kutoka sana, anashuka pwani, anafunga mbegu kwenye kamba kwa taitai, vile vijikamba vya kufungia, anakaza vigingi vilivyolegea, anavuna uliokomaa na kuupandisha kuanika, na maji mafu yakiingia, yaani siku ambazo maji hayatoki sana, anashika kazi nyengine. Mvua ikinyesha wakati umeanikwa, unarudi nyuma. Ukikauka, unakaa ndani mpaka mnunuzi aje, na siku ya kuja anaijua mnunuzi mwenyewe. Nilikuwa nimekaa pembeni mama mmoja alipoulizwa anapata shilingi ngapi kwa mwezi. Alinyamaza kidogo, akamtazama kijana aliyekuwa akisubiri na kalamu mkononi, kisha akasema elfu arubaini. Kijana alipoondoka nilimuuliza hesabu hiyo kaitoa wapi, naye akanijibu kwamba asingeweza kumwacha mtoto wa watu aondoke na karatasi tupu.

Namba ile inaingizwa kwenye kompyuta, inachanganywa na nyengine zilizopatikana kwa huruma ya namna hiyo hiyo, unatafutwa wastani, na wastani huo unakuwa jedwali katika sura ya nne ya tasnifu. Msimamizi ataangalia kama jedwali limepangwa vizuri na kama hesabu zimejumlishwa sawasawa, naye atakuta zimejumlishwa sawasawa. Laiti kijana angerudi na jedwali lile, akalisoma kwa Kiswahili mbele ya wanawake kumi waliokaa chini ya mwembe, kosa lingetajwa kabla hajamaliza kusoma. Mmoja angesema hicho ni kipato cha bamvua zuri, mwengine angesema bei ya kamba haijatolewa humo, na wa tatu angekumbusha kwamba msimu uliopita mwani ulioza na hawakuuza kitu. Kikao cha saa mbili kingeipa tasnifu ile ukweli ambao wiki nzima ya madodoso haikuupata.

Na hapo sijagusa kalenda. Mwanafunzi huja siku zilizoachwa na muhula, na muhula haukupangwa kwa kuangalia mwezi angani. Akija katika bamvua, wakulima wako majini wakati anapopita majumbani, na anaowakuta ni wale ambao hawakwenda pwani, kwa uzee au kwa ugonjwa au kwa kuwa kilimo hicho wamekwisha kukiacha. Wote hao wanahesabiwa kuwa wakulima wa mwani. Katika msimu wa karafuu hali ni hiyo hiyo upande wa mashambani.

Hakuna anayepaswa kushangaa nikisema kwamba mwani ndio mfano bora wa hoja yangu, kwa sababu zao hili lenyewe limetokana na utafiti wa chuo kikuu cha umma. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliufanyia utafiti mwani wa pwani zetu tangu miaka ya 1970, na mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Unguja, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kabla ya kuenea hadi huku Pemba na kuwa kazi ya maelfu ya watu, wengi wao wanawake. Baadaye ile aina yenye bei kubwa, ambayo wakulima wanaiita kotonii, ilianza kufa katika maji ya kina kifupi kila joto lilipozidi, ikigeuka nyeupe na kukatika. Wanasayansi, wakiwemo wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ambayo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na iko hapa Zanzibar tangu 1978, walionesha kwamba aina hiyo inaweza kustawi ikipelekwa kwenye maji ya kina. Hilo ni jibu sahihi la kisayansi. Lakini mwanamke aliyezoea kwenda shambani kwa miguu maji yakitoka, hajui kuogelea na hana chombo, maji ya kina si shamba kwake mpaka mambo hayo mawili yapatiwe njia. Kikwazo hicho hakionekani kwenye sampuli ya mwani iliyoko maabara. Kinaonekana pale mtafiti anapoyarudisha matokeo yake kwa mkulima na kumuuliza, basi hili wewe utaliwezaje?

Upande wa afya tumeona pia. Mradi wa kutokomeza kichocho ulioanza 2012 Unguja na Pemba ulipima njia tatu: kugawa dawa peke yake, dawa pamoja na kuwadhibiti konokono wanaoeneza ugonjwa huo, na dawa pamoja na elimu ya kubadili tabia. Katika shehia zilizopangiwa elimu, wakazi walishirikishwa kuibuni, na walimu wakaibeba madarasani. Ule ulikuwa mradi mkubwa wenye fedha zake, na siwezi kudai kwamba mwanafunzi mmoja afanye kama mradi. Ninachodai ni kidogo zaidi.

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilianzishwa kwa sheria ya 1999 na kikaanza kazi 2001. Ni chuo chetu cha umma, kina kampasi Unguja na kina kampasi huku Pemba, Mchanga Mdogo. Ndani yake iliingizwa ile Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni iliyoasisiwa 1979, na nje yake liko Baraza la Kiswahili la Zanzibar, lililoundwa kwa sheria ya 2004. Kwa hiyo chuo hiki kina watu wa kuwasaidia wanafunzi wa sayansi, biashara, kilimo na utalii kuandika Kiswahili safi kinachosomeka na sheha na mvuvi. Napendekeza Seneti yake iweke sharti kwamba tasnifu yoyote iliyojengwa juu ya majibu ya wakazi wa shehia isipokelewe mpaka mwanafunzi awe ameandika ikisiri, yaani muhtasari, ya Kiswahili ya kurasa mbili au tatu, ameisoma katika kikao cha shehia husika, na ameeleza ndani ya tasnifu yake nini kilikubaliwa na nini kilipingwa. Kazi hiyo iwe na alama zake, tuseme 10 katika 100, kwa sababu mwanafunzi mwenye mitihani shingoni hufanya kile kinachohesabiwa, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo.

Najua patasemwa nauli. Kweli, boti kutoka Unguja si bure, na wanafunzi wengi wanaishi kwa mkopo. Lakini wengi wao wana kwao, na kwao ni shehia. Chuo kikiwahimiza kufanya utafiti karibu na nyumbani, marejesho yanaweza kufanyika katika likizo bila safari mpya. Asiyeweza kabisa anaweza kuituma ikisiri kwa sheha, na kikao kikaongozwa na kamati kisha majibu yakarudishwa kwa simu.

Pingamizo zito zaidi ni jengine, nami nalichukulia kwa uzito wake. Inahofiwa kwamba wenye nguvu kijijini watataka kufuta yasiyowapendeza. Mwanafunzi akiandika kwamba katika bandari fulani watu wanavua kwa juya la kukokota, wavu unaoburutwa chini ya bahari, ambalo limepigwa marufuku, je, mwenye juya atakubali lisomwe? Hatakubali, na pengine kikao kitakuwa kikali. Ndiyo maana nimesema kilichopingwa kiandikwe, sikusema kiondolewe. Uamuzi wa matokeo ubaki kwa mtafiti na msimamizi wake, majina ya waliohojiwa yabaki siri kama taratibu za maadili zinavyotaka, na yale yanayohusu ugonjwa wa mtu yasiletwe kikaoni kabisa. Kijana aliyewahi kusimama mbele ya watu wazima akatetea hesabu zake kwa lugha wanayoielewa wote, na akakiri pale zilipokosea, atakuwa amejifunza utafiti kuliko aliyezitetea mbele ya watahini watatu ambao hawajawahi kufika pwani hiyo.

Ofisi za wilaya nazo zina sehemu yao. Barua ya kumtambulisha mtafiti inataja tarehe ya kuanza kazi na tarehe ya kumaliza. Iongezwe ya tatu, tarehe ya kurejesha matokeo, na sheha awe na haki ya kuuliza chuo ikipita bila kusikia kitu.

Si lazima jambo hili lianze kila mahali kwa pamoja. Kampasi ya Mchanga Mdogo inaweza kulijaribu kwa mwaka mmoja wa masomo katika wilaya moja, kwa wanafunzi wachache, na wasimamizi wao wakaja kusikiliza. Wilaya hiyo ikiwa Micheweni, kamati yetu itaitisha vikao na itatafuta pa kuwalaza wageni. Tunachoomba kwa upande wetu ni kwamba siku zipangwe katika maji mafu, watu wanapokuwa majumbani.

Ahsante.

Mwalimu mstaafu,
Micheweni, Pemba