Kabla ya Kumlenga Kulungu Wako wa Kwanza

Wengi wanaokuja kwetu wakitaka kujifunza kuwinda kulungu huwa wameshaamua jambo moja, nalo ni aina ya bunduki. Wamesoma, wamelinganisha, na wengine wameshanunua. Tukiwauliza upepo hugeukia wapi bondeni jua linapozama, au watamfuata vipi mnyama aliyekimbia baada ya kupigwa, hukaa kimya. Hatuwalaumu, kwa maana bunduki inauzwa dukani na maarifa hayo hayauzwi. Hata hivyo, katika kazi yetu ya kufundisha na kuongozana na wawindaji wapya, tumeona kwamba kinachomfanya mtu arudi mikono mitupu, au kibaya zaidi amjeruhi mnyama na kumpoteza, ni nadra sana kuwa bunduki. Ndiyo maana mafunzo yetu yanaanza na mnyama, yanafuata upepo, na silaha huja baadaye.

Kulungu tunaowazungumzia ni wa jamii ya Cervidae, ambao pembe zao ni mfupa mtupu, aghalabu wenye matawi, unaoanguka na kuota upya kila mwaka. Swala na jamaa zake, ambao pembe zao hukaa maisha yote, ni jamii nyingine. Kwa kawaida dume peke yake ndiye mwenye pembe, isipokuwa kwa kulungu wa aktiki, ambao majike nao huota. Jambo hili si la vitabuni tu. Leseni nyingi hutaja jinsia ya mnyama unayeruhusiwa kumwinda, na dume aliyekwisha kuangusha pembe zake anafanana sana na jike ukimtazama kwa mbali katika mwanga hafifu. Ukubwa nao hutofautiana mno: kulungu mdogo wa Ulaya aitwaye roe huwa na kilo 15 hadi 30 hivi, ilhali dume wa kulungu mwekundu anaweza kuzidi kilo 200. Anayepanga kuwinda peke yake na ajiulize mapema jinsi atakavyoutoa mzoga huo porini.

Silaha kubwa ya kulungu ni pua. Macho yake yamekaa pembeni mwa kichwa na huona karibu pande zote, hushtuka haraka kwa kitu kinachosogea, lakini rangi nyekundu na ya chungwa hazitofautishi vizuri. Kwa sababu hiyo fulana ya rangi ya chungwa inayong'aa, ambayo mahali pengi ni lazima kisheria, hukulinda usipigwe na mwindaji mwenzako bila kukufichua kwa mnyama. Masikio yake hugeuka kila upande. Lakini kulungu aliyekuona au kukusikia mara nyingine husimama akitafakari, na aliyekunusa huondoka moja kwa moja. Kwa hiyo kila mwanafunzi wetu hupewa kichupa cha poda laini, na kila baada ya dakika chache huibonyeza na kutazama poda inakoelekea. Katika ardhi ya vilima, asubuhi jua likishapasha mteremko hewa hupanda, na jioni hewa hupoa, huwa nzito, kisha hutelemka bondeni mithili ya maji. Mtu aliyekaa juu ya mteremko jioni, akiwangoja kulungu watoke kwenye kichaka kilicho chini yake, anawapelekea harufu yake mwenyewe, na atakaa hapo mpaka usiku bila kuelewa kwa nini hakuna kilichotokea.

Kulungu hutembea zaidi alfajiri na magharibi. Kati ya vipindi hivyo hulala na kucheua mahali penye kificho, na kazi ya mwindaji ni kujua mapito yanayounganisha malazi na malisho. Tunamfundisha mgeni kusoma kinyesi kibichi, nyayo zenye kingo kali, magome yaliyokwaruzwa na pembe, na nyasi zilizolaliwa zenye umbo la yai. Msimu wa kupandana hubadilisha mwenendo huu, kwa kuwa madume huzurura hata mchana: kulungu mwekundu hupandana Septemba na Oktoba, roe katikati ya kiangazi cha Ulaya, yaani Julai na Agosti, na kulungu wa mkia mweupe, katika sehemu za kaskazini za Amerika, zaidi katika Novemba.

Sheria tutazitaja kwa ufupi, kwa kuwa kila nchi ina zake na hakuna makala inayoweza kukusomea zote. Nchini Ujerumani hupati leseni kabla ya kufaulu mtihani mgumu unaohusu wanyama, silaha, sheria na usafi wa nyama. Nchini Marekani jimbo la New York lilianza kuyafanya mafunzo ya usalama kuwa ya lazima mwaka 1949, na majimbo mengine yakafuata. Uingereza hairuhusu kumwinda kulungu kwa upinde, ilhali Marekani upinde una msimu wake. Zisome sheria za mahali utakapowindia, pamoja na ruhusa ya mwenye ardhi, kabla hujanunua chochote.

Kuhusu bunduki yenyewe, inayotumia risasi ya .243 Winchester au .308 Winchester (namba ni upana wa risasi kwa inchi) inatosha kabisa kwa anayeanza, mradi sheria ya mahali inairuhusu kwa aina ya kulungu anayemkusudia. Ya kwanza haimsukumi sana mpigaji begani, na mtu asiyeliogopa teke la bunduki yake hupiga vizuri zaidi. Lililo muhimu ni mazoea ya mikono: kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi, mtutu usielekezwe kamwe kwa kitu usichotaka kukiharibu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeshaamua kupiga, na ujue kilichopo nyuma ya shabaha. Kulungu aliyesimama kileleni, na mbingu peke yake nyuma yake, hapigwi, kwa kuwa risasi ikimkosa au ikimpita itakwenda kutua usikokuona. Anayewindia kwenye dungu juu ya mti afunge mkanda wa usalama kabla miguu haijaacha ardhi, na bunduki isiyo na risasi ipandishwe kwa kamba baada yake.

Moyo na mapafu ya kulungu mkubwa kiasi vimekaa katika eneo linalolingana na sahani yenye upana wa sentimita 20 hivi, nyuma tu ya bega. Mnyama akisimama ubavu, fuata mstari wa nyuma wa mguu wa mbele kwenda juu mpaka theluthi moja ya kimo cha kiwiliwili, hapo ndipo. Akiwa amegeuka kidogo kutupa mgongo bado inafaa. Akituelekea kifua, akitupa makalio, au akiwa anatembea, tunamwambia mwanafunzi ashushe bunduki. Katika uwanja wa mazoezi hatumpimi mtu kwa risasi yake bora. Tunamtaka apige tano mfululizo, akiwa ameketi au ameegemea fimbo za kulengea, pumzi ikiwa juu baada ya kutembea haraka. Umbali ambao zote tano zinaingia ndani ya sahani ndio mpaka wake porini, hata kama ni mita 60 tu.

Msimamo huu nimeulipia. Kulungu wangu wa kwanza nilimpiga magharibi, alipokuwa anageuka. Hakuruka wala kupiga teke. Alikunja mgongo na kuondoka polepole kama mtu mwenye maumivu ya tumbo. Aliyekuwa ananiongoza alisema tumfuate mara moja, nami sikujua vinginevyo. Tulimkurupusha mara mbili gizani, na tulimpata kesho yake mchana, mbali kabisa na pale alipopigwa, nyama ikiwa imeharibika. Mgongo ule uliokunjwa ulikuwa umeshatueleza kwamba risasi imepita kwenye matumbo, na kwamba tulipaswa kukaa tulipo. Mnyama yule aliteseka usiku kucha kwa sababu yangu, na sitaki mteja wangu yeyote abebe kumbukumbu kama hiyo.

Kwa hiyo sehemu ndefu kuliko zote katika mafunzo yetu ni ile inayofuata mlio wa risasi. Usiinuke. Kariri mti au jiwe alipokuwa amesimama, na jinsi alivyoondoka. Hata kulungu aliyepigwa mapafu yote mawili anaweza kukimbia mita 100 kabla ya kuanguka, kwa hiyo mpe nusu saa. Kisha nenda pale uinamishe uso karibu na ardhi. Damu ya waridi yenye vipovu vidogo juu ya jani ni ya mapafu, na mara nyingi utamkuta karibu. Damu nyeusi nzito, isiyo na povu, huwa ni ya ini, nayo inataka saa nne au zaidi za kungoja. Ukiona majimaji ya kijani yenye vipande vya majani na harufu kali, ni matumbo: subiri muda wa saa nane hadi kumi na mbili, na pale sheria inaporuhusu mwite mwenye mbwa aliyefunzwa kufuata damu. Weka alama kwenye kila tone, usilikanyage, na damu ikikatika rudi kwenye alama ya mwisho.

Mnyama akishapatikana, joto la mwili wake ndilo adui wa nyama. Tunampasua tumbo makali ya kisu yakiwa yametazama juu, vidole viwili vikitangulia ncha ili isitoboe matumbo wala kibofu, na nyama inapaswa kufika chini ya nyuzi 4 za Selsiasi mapema iwezekanavyo. Eneo lililopitiwa na risasi hukatwa kwa ukarimu, hasa ikiwa risasi ni ya madini ya risasi, kwa sababu chembe zake husambaa mbali na jeraha. Wengi wetu sasa tunatumia za shaba. Mahali penye ugonjwa wa kulungu unaowakondesha hadi kufa, uliotambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967 na kufika Norway mwaka 2016, peleka sampuli ipimwe kabla ya kula. Haujathibitishwa kumpata binadamu, lakini kisababishi chake hakiondolewi kwa kupika, nasi hatumruhusu mteja wetu abahatishe.

Anayejiandikisha kwetu hutembea porini nasi mara tatu kabla ya kwenda uwanja wa shabaha, na msimu wake wa kwanza huwa na mwalimu pembeni yake mpaka nyama imening'inizwa. Akimaliza msimu bila kufyatua hata risasi moja kwa kuwa nafasi hazikuwa nzuri, mwaka unaofuata tunaendelea naye bila malipo ya pili. Siku ya kwanza njoo bila bunduki. Leta darubini ya mkononi, viatu ambavyo miguu yako imeshavizoea, na daftari. Tutaondoka kungali giza ili tuwe tumekaa mahali petu, upepo ukitupiga usoni, kabla kulungu hawajaanza kurudi malazini.