Kodi ya jengo la biashara ilipwe na mwenye jengo, tena kwa thamani ya jengo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo sisi wapangaji wa fremu, vyumba vya maduka, tunalisema kila mwanzo wa mwezi tukinunua umeme ila likiisha kusemwa linaishia hapohapo kibarazani. Nina duka la vifaa vya ujenzi Buguruni, fremu ya kupanga, mzigo nachukua Kariakoo kwahiyo fremu za kwetu uswahilini nazijua na zile za mjini za kilemba cha mamilioni, ile hela ya kuachiwa fremu nje ya pango, nazijua pia. Kodi ya majengo kwenye majengo ya biashara inavyokatwa sasa hivi inamwangukia mtu ambaye sio, na kiwango chenyewe hakiangalii kabisa hilo jengo lina thamani gani.

Nianze na huyo mtu ambaye sio. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Mwanzo ilikuwa buku kwa mwezi nyumba ya kawaida na elfu tano kwa kila floo ya ghorofa, ilipofika Julai 2023 ikapanda ikawa 1,500 na 7,500, yaani kwa mwaka ni 18,000 nyumba ya chini na 90,000 kila floo. LUKU kama njia ya kukusanya mimi siipingi, ni rahisi, hakuna foleni, hakuna mtu wa kuja na makaratasi kukutisha mbele ya wateja. Shida ni kwamba mita haijui mwenye jengo ni nani, inamjua aliyenunua umeme tu, na kwenye fremu anayenunua umeme ni mpangaji.

Fremu ya jirani yangu yuko dada mmoja fundi cherehani. Umeme ananunua kidogo kidogo, wa elfu mbili, wa elfu tatu, akipata hela nzuri wa elfu tano. Tarehe moja akinunua ule wa elfu tano anatakiwa apate uniti kama 14 hivi, ila mwanzo wa mwezi 1,500 inaondoka kwanza ndo kinachobaki kinageuzwa kuwa umeme, anapata uniti ambazo hazifiki hata 10. Pasi yake ya umeme inakula sana, zile uniti nne na kitu ni nguo za watu kabisa. Sasa huyu dada hana jengo. Hana hata kiwanja. Jengo lina mwenyewe, pango anachukua miezi sita mbele, na hiyo 1,500 hajawahi kuirudisha hata siku moja.

Na sheria inasema mlipaji ni mmiliki wa jengo. LUKU ilipoanza na watu wakalalamika tukaambiwa mpangaji na mwenye nyumba wakaelewane, mpangaji akate kwenye pango. Sawa kwenye karatasi. Lakini nani mwenye fremu ya kupanga anaenda kumwambia mwenye jengo naomba nikukate elfu 18 yako ya mwaka wakati nje kuna watu watatu wanaisubiri hiyo fremu? Unanyamaza unalipa, kwasababu ukihama unapoteza wateja, mashelfu uliyochomelea, rangi uliyopiga, na kama ulitoa kilemba ndo kabisa hakirudi.

Alafu kuna hili la mita nyingi. Jengo letu lina fremu tano na mita zaidi ya moja. Utaratibu unataka kodi ikae kwenye mita moja tu ya jengo, lakini kuna kipindi ilikuwa inakatwa kwenye mita mbili kwa wakati mmoja, nikafunga duka nikaenda kuulizia, nikaambiwa aje mwenye jengo mwenyewe na vielelezo vyake. Nikampigia akasema nitaenda. Hakwenda, na kwanini aende? Hela haitoki kwake. Hapo ndipo naposema mfumo umekosea toka chini, maana mtu pekee mwenye uwezo wa kurekebisha kosa ndiye ambaye kosa halimgusi.

Sasa nije kwenye thamani, na hapa naomba wasomaji tupige hesabu pamoja maana ukiweka namba mezani ndo inaonekana vizuri.

Tuseme floo moja ya ghorofa Kariakoo ina fremu 20 na kila fremu ni milioni moja kwa mwezi, wanaoujua ule mji watasema nimeweka hesabu ya chini. Hiyo ni milioni 240 kwa mwaka kwa floo moja. Kodi yake ya jengo ni 90,000. Yaani kwenye kila laki moja inayoingia, kodi ya jengo haifiki hata shilingi 40. Njoo nyumba ya chini kwetu yenye fremu tano za laki moja moja, kwa mwaka ni milioni sita, kodi 18,000, hapo kwenye kila laki ni shilingi 300. Nenda Chanika kwa mama mwenye kijumba cha tofali amekipangisha kwa elfu 50 kwa mwezi mtu anauza chipsi, kwa mwaka anapata laki sita, kodi ni ileile 18,000, kwenye kila laki ni shilingi elfu tatu. Elfu tatu kwa arobaini! Na wote hawa watatu ukisikiliza redioni wanaambiwa kodi yetu ni ndogo, ni rafiki, kila mtu anaiweza. Ni ndogo kwa nani?

Haikuwa hivi siku zote. Sheria ya mwaka 1983 ya utozaji kodi ya majengo mijini ilijengwa juu ya uthamini, mthamini anakuja anaangalia jengo, ukubwa, limejengwa kwa nini, limechakaa kiasi gani, linaingizwa kwenye daftari la halmashauri ndo unatozwa asilimia ya ile thamani. Mwaka 2016 ukusanyaji ukahamia Mamlaka ya Mapato, TRA, na ilipofika 2018 kikaja kiwango cha mkupuo, yaani kimoja kwa wote, elfu 10 nyumba ya kawaida na elfu 50 kila floo mijini, na hapo uthamini ukawekwa pembeni. Sababu zilikuwepo na sizibezi. Wathamini ni wachache, kumpeleka mthamini nyumba kwa nyumba ni gharama, majengo mengi yalikuwa hayamo kabisa kwenye daftari, na yaliyokuwemo mengine thamani zake zilikuwa za zamani. Wengi tunakumbuka pia bili zilizokuwa zinakuja hazieleweki, nyumba mbili zimefanana pua kwa pua moja bili kubwa nyingine ndogo, ukiuliza unazungushwa. Kwahiyo mkupuo ulipokuja watu walishangilia, hata mimi nilifurahi.

Lakini kwa nyumba ya kuishi mkupuo naweza kuuelewa. Bibi anaishi kwenye nyumba yake Kiwalani, nyumba haimuingizii kitu, mwache alipe kidogo maisha yaende. Jengo la biashara ni jambo lingine, lile linazaa hela kila mwezi na thamani yake inapandishwa na vitu ambavyo mwenye jengo hakuvifanya yeye. Barabara ikiwekwa lami pango linapanda. Mwendokasi ukipita pango linapanda. Sisi wapangaji tukikazana mtaa ukajulikana kuwa ni mtaa wa vifaa vya ujenzi pango linapanda juu yetu sisi wenyewe tuliouchangamsha. Hela ya lami ni ya umma, jasho la kuchangamsha mtaa ni letu, alafu kodi inayotakiwa irudishe kidogo kwa umma imesimama palepale 90,000.

Na kitu kinachonishangaza zaidi ni kwamba serikali hiyohiyo kwenye kodi ya pango la ardhi inajua kutofautisha. Kiwanja cha biashara kina kiwango chake, cha makazi chake, wanaangalia eneo lilipo na ukubwa kwa mita za mraba. Sasa kama kwa ardhi inawezekana, kwa jengo lililosimama juu ya ardhi hiyohiyo inashindikana vipi?

Sisemi turudi kwenye kila jengo kuletewa mthamini na mkoba wake. Kule Freetown, Sierra Leone, mwaka 2020 jiji lilianza utaratibu wa pointi, ukubwa wa jengo wanaupata kwenye picha za satelaiti, alafu wanaongeza au kupunguza pointi kwa vitu vinavyoonekana kwa macho, paa la aina gani, kuta zikoje, barabara ikoje, lipo eneo gani. Majengo ya wenye nazo kodi ikapanda, nyumba za watu wa hali ya chini ikashuka. Sio uthamini kamili kama wanavyofundishwa wasomi wetu pale Chuo Kikuu Ardhi, lakini ni mara mia ya kusema floo ni floo. Sisi mtaa kwa mtaa tuna wenyeviti wa serikali za mitaa na wajumbe wanaojua kila fremu ni ya nani na inapangishwa bei gani, zoezi la anwani za makazi 2022 lilibandika namba mpaka kwenye vibanda, TANESCO wana mita, TRA wana mikataba ya pango tuliyolipia stempu. Taarifa zipo, hazijakaa pamoja tu.

Ila wakishathamini wasilale. Majirani zetu Nairobi walikaa na daftari la uthamini la mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa karibu miaka 40, na wao wanatoza thamani ya kiwanja sio ya jengo, walipokuja kuleta thamani mpya ikawa ni mshtuko na kelele, maana tofauti ilikuwa imeshakuwa mlima. Kila baada ya miaka michache, kidogo kidogo, mtu ajue mapema.

Najua mfanyabiashara mwenzangu anayesoma hii barua anasema wewe unatuletea balaa, kodi ya jengo ikipanda mwenye jengo ataitupa kwetu. Hofu hiyo ninayo na sio ya kufikirika, tunaiishi. Angalia zuio la pango. Sheria inasema nikimlipa mwenye fremu nikate asilimia 10 nipeleke TRA, ile ni kodi yake ya mapato mimi ni mkusanyaji tu. Kwenye uhalisia anakwambia mimi nataka laki yangu kamili mkononi, ya TRA utajua wewe, kwahiyo ile asilimia 10 inatoka mfukoni mwangu juu ya pango, na asilimia moja ya stempu juu yake, alafu kuna ushuru wa huduma wa halmashauri unaokatwa kwenye mauzo, leseni, taka, zimamoto. Mpangaji amekuwa ndo dirisha la kulipia kila kodi ya kila mtu.

Lakini ebu tufikirie vizuri. Pango la Kariakoo leo limewekwa kwa kuangalia nini? Kwa kuangalia mfanyabiashara anaweza kutoa kiasi gani kabla hajakimbia. Mwenye jengo hajaacha hela mezani kwa huruma. Kodi yake ilipokuwa 50,000 kwa floo pango halikuwa dogo kwasababu kodi ni ndogo, lilikuwa ni kile ambacho soko linabeba. Kwahiyo kupandisha atajaribu, ila ataishia pale ambapo fremu inabaki tupu, na fremu tupu yenye kodi ya jengo inayolingana na thamani yake itamfanya atafute mpangaji haraka badala ya kufunga kufuli mwaka mzima anasubiri mwenye kilemba kikubwa. Hilo mimi naliona ni faida kwetu. Tunachohitaji ni sheria iseme wazi kwamba kipengele chochote cha mkataba kinachomtwisha mpangaji kodi ya jengo au zuio ni batili, na mpangaji awe na mahali pa karibu pa kulalamika bila kuweka wakili.

Migomo ya Kariakoo ya Mei 2023 na Juni 2024 wote tuliiona, maduka yalifungwa mpaka mikoani, na zaidi yaliyosemwa yalikuwa ni kamatakamata, stoo, risiti za mashine za EFD. Ya fremu na majengo yalizama humohumo. Baadaye Rais akaunda Tume ya kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue, ikazinduliwa Oktoba 2024 ikapita kukusanya maoni, na wafanyabiashara wengi walisema ya kwao. Hili la majengo ya biashara naomba lichukuliwe kwa uzito uleule, maana hapa pana hela ya halali ambayo halmashauri zinaiacha wakati mgambo wanakimbizana na mama ntilie kwa ushuru wa siku.

Na hela ikipatikana ionekane. Mtaro wa mbele ya duka langu ukijaa mvua za masika maji yanaingia mpaka ndani, saruji inaganda mifuko kwa mifuko, ile hasara hakuna anayenifidia. Kodi ya majengo inakwenda mfuko mkuu na sehemu inarudi halmashauri, basi kila halmashauri ibandike pale ofisi ya kata, mtaa wenu ulichangia kiasi hiki, kimerudi hiki, kimefanya hiki.

Naomba Wizara ya Fedha na TAMISEMI waanze na majengo ya biashara ya Kariakoo peke yake, ni eneo dogo, linajulikana mtaa kwa mtaa kuanzia Msimbazi mpaka Lumumba. Wayapange kwa madaraja, orodha ibandikwe na kila mwenye jengo apewe muda wa kupinga, na kodi iende kwa jina lake na namba yake ya mlipakodi, sio kwenye mita ya mtu anayepiga pasi. Ikifanyika hapo mwaka mmoja wataona wenyewe kama inafaa kupelekwa Mwanza, Arusha na Mbeya.

Mpangaji wa fremu,
Buguruni, Dar es Salaam