Thieta ya mifugo nayo ipate mwenyewe

Mhariri,

Mwezi Machi nilimpeleka mbwa wangu jike mjini Arusha akafungwe kizazi. Kliniki yenyewe ni ya kawaida kwa mji huu: mbele duka la dawa za mifugo, nyuma chumba chenye meza ya bati na dirisha lililo wazi kuelekea uani. Tulimkuta mbuzi mezani, anatumbuliwa jipu la shingo. Mbuzi akashushwa, meza ikapitishwa kitambaa, mbwa wangu akapandishwa. Mkasi na koleo zilizotoka kwa mbuzi zilitumbukizwa kwenye beseni la dawa. Maji ya beseni lile yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele, na unywele mweusi ulikuwa ukielea juu.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi thieta za binadamu miaka 22, kwanza Moshi kisha hapa Arusha. Niliuona unywele ule nikanyamaza, na hadi leo najilaumu.

Siku ya tano mshono ukaanza kutoa usaha. Ukafunguliwa, ukasafishwa, ukashonwa upya, na wiki tatu nzima nilikuwa nikimbadilishia gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia kidonda, barazani kwangu asubuhi na jioni. Kidonda kilipofunga nilirudi kliniki, tena bila ugomvi. Daktari ni kijana mwenye adabu. Aliniamkia, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: “Mama, hapa niko peke yangu. Natoa nusukaputi, nakata, nashona, na mteja akija kutaka dawa ya minyoo natoka na glovu zangu nikamuuzie.”

Jibu hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Elimu anayo. Alichokosa ni mtu wa pili, ambaye kazi yake ni kukilinda chumba kile. Kwetu thieta, sista wa zamu alikuwa na mamlaka ya kumrudisha daktari bingwa kwenye sinki akaoshe mikono upya kwa sababu kiwiko kimegusa mlango. Nimewarudisha wengi, na wengine walininunia wiki nzima. Wakati wa upasuaji daktari macho yake yako kwenye kidonda, hawezi pia kuhesabu vipande vya gozi na kuangalia nani kaingia na viatu vya nje.

Mtu huyo akiwepo, mengi yanajipanga bila gharama kubwa. Mnyama ananyolewa nje ya chumba, maana manyoya yakiruka ndani hayaokotwi yote. Ngozi inasuguliwa kuanzia pale kisu kitakapopita kwenda nje, na pamba iliyokwisha kufika pembeni hairudi katikati. Feni inazimwa, mlango unafungwa. Na ratiba: kufunga kizazi kwanza asubuhi, majipu na vidonda vilivyooza mwisho wa siku, ikiwezekana kwenye meza nyingine kabisa. Mbuzi yule angesubiri saa mbili tu, mbwa wangu asingeshonwa mara mbili.

Sasa nirudi kwenye beseni. Dawa ya kuua vijidudu haifanyi kazi yake palipo na damu na mafuta, kwa hiyo koleo lisilosuguliwa kwa brashi kwanza linatoka na uchafu wake uleule. Kuchemsha nako hakutoshi, hasa huku kwetu. Mji wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi kama 95, hayafiki 100. Bakteria wa pepopunda hujifungia kwenye ganda gumu linalostahimili joto hilo. (Waliouita ugonjwa huu pepopunda walijua walichokiona: huwashambulia punda na farasi vibaya kuliko wanyama wengi wa nyumbani.) Kinachomuua bakteria huyo kwa uhakika ni mvuke wa presha, nyuzi 121 kwa dakika 15 hivi.

Hata hapo kuna mtego ambao wengi hawaambiwi. Geji ya presha ikisoma paundi 15 kule Dar es Salaam, ndani ya otoklevu, yaani mashine ya mvuke huo, mna nyuzi 121. Ikisoma paundi hizohizo 15 hapa Arusha, ndani ni kama 118, kwa kuwa hewa ya nje ni nyepesi. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ili kufikia kazi ileile inabidi dakika 15 ziwe karibu 30, au presha ipandishwe kufikia paundi 17 na kidogo. Anayetumia presha kuka ya nyumbani, na najua wapo, ahesabu hivyo hivyo, na aiache hewa yote itoke kabla ya kuweka kizibo cha tundu la mvuke. Pakiti ya vifaa ikitoka imelowa irudishwe, maana kitambaa chenye maji hupitisha vijidudu hadi ndani.

Wapo watakaosema sindano ya antibayotiki inamaliza yote. Mbwa wangu alichomwa siku ileile ya upasuaji na usaha ukaja. Kwa ng'ombe wa maziwa sindano hizo ni siku kadhaa za kumwaga maziwa, na wafugaji wa Arumeru wanajua uchungu wake. Simsemi daktari anayempasua ng'ombe bandani usiku wa manane ndama amekwama. Huko mtu anafanya awezalo kwa maji ya ndoo na taa ya simu. Nasema kuhusu chumba chenye kibao mlangoni na bei ukutani.

Baraza la Veterinari, lililowekwa na sheria ya mwaka 2003, linapokagua kliniki lisiishie kwenye cheti cha daktari. Liombe daftari la otoklevu: tarehe, presha, dakika, saini ya aliyeisimamia. Na wenye kliniki wamwajiri kijana mmoja wa stashahada ya mifugo, wampe funguo za chumba hicho na ruhusa ya kumzuia hata bosi. Kampasi ya LITA, wakala wa mafunzo ya mifugo, ipo hapa Tengeru, vijana hawako mbali.

Mbwa wa pili nitampeleka Juni, kwa daktari yuleyule. Ameniahidi nitasimama dirishani, na pakiti ya vifaa itafunguliwa nikiiona, mkanda wake ukiwa na mistari myeusi, ishara kwamba imepita kwenye mvuke.

Muuguzi mstaafu,
Tengeru, Arumeru