Tumtafute mwenye medali
Habari za jioni, ndugu zangu. Ile medali mwenzetu aliyoikuta kwenye mkebe wa marehemu babu yake ni ya utumishi wa St John, wahudumu wa kujitolea wa huduma ya kwanza na magari ya wagonjwa. Sura ya Malkia Victoria isiwapoteze: medali ilianzishwa 1898, na hata baada ya kifo chake sura ilibaki hiyo hiyo. Tazameni ukingoni, mara nyingi ndipo jina huchongwa. Naomba picha ya ukingo wote, mwanga ukipiga kwa ubavu. Tafadhali sana msiisugue, herufi zitafutika! Jina likisomeka, tutawaandikia makumbusho yao Clerkenwell, London. Jumapili nakwenda Ilala kuwauliza wazee. Wa kuongozana nami aniambie.