Usimhukumu Bertrade upesi

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Barua yako imenifika, na habari za nyumbani zimenifurahisha. Ila umeniandikia neno moja ambalo limenikaa rohoni siku ya tatu leo: kwamba yule Bertrade wa Montfort, aliyemwacha mumewe akaenda kwa mfalme wa Ufaransa katika karne ya kumi na moja, alikuwa "mwizi wa waume". Kosa ni langu, kwa sababu siku ile nilikusimulia kipande tu. Ngoja nianzie kwenye posa.

Bertrade alizaliwa karibu mwaka 1070. Baba yake alikuwa Simon, bwana wa ngome ya Montfort, magharibi ya Paris, na mama yake Agnès wa Évreux. Binti alilelewa kwa mjomba wake, Guillaume wa Évreux, huko Normandie, kaskazini mwa Ufaransa. Sasa Robert, mtawala wa Normandie, alikuwa na wasiwasi kwamba watu wa jimbo la Maine wangemwasi, akamwomba jirani yake Foulques wa Nne, mtawala wa Anjou, awatulize. Foulques akajibu: nipe Bertrade kwanza. Robert akamwendea mjomba, naye mjomba akasema hatoi binti mpaka arudishiwe mashamba na ngome alizodai kuwa ni urithi wa ukoo wake. Akarudishiwa. Mwaka 1089 Bertrade akaozwa.

Mambo haya ameyaandika Orderic Vitalis, mtawa wa Normandie, tena hakumpenda Bertrade hata kidogo. Hata hivyo, katika simulizi lake lote hakuna mahali ambapo binti anaulizwa anataka nini. Mjomba kapata mashamba, Robert kapata utulivu, na msichana kapewa mume wa miaka arobaini na zaidi, ambaye kabla yake alikwisha kuoa na kuacha wengine. Orderic anasema Foulques ndiye aliyeanzisha viatu vya ncha ndefu, ili kuficha miguu yake iliyoharibika.

Mwaka 1092, akiwa amemzalia Foulques mtoto wa kiume, Bertrade aliondoka akaenda kwa mfalme wa Ufaransa, Philippe wa Kwanza. Orderic huyohuyo anatoa sababu: alihofia kuachwa kama walivyoachwa wenzake. Ndiyo maana nakuomba usimwite mwizi, somo. Alitoka kabla hajatolewa.

Berthe wa Holland, mke wa mfalme na mama wa mrithi wake, simsahau. Alifukuzwa akawekwa katika ngome ya Montreuil, akafa baada ya muda mfupi. Huyo alidhulumiwa kweli, lakini mwenye amri ya kumfukuza alikuwa mumewe.

Kanisa lilikataa ndoa ya Philippe na Bertrade. Philippe alitengwa na Kanisa mwaka 1094, na mwaka uliofuata Papa Urbano wa Pili akatilia nguvu hukumu hiyo katika mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Clermont, uleule alioitisha vita vya msalaba. Mfalme aliondolewa hukumu hiyo mwishoni mwa 1104 baada ya kuapa kwamba ataachana na Bertrade. Hawakuachana. Mwaka 1106 walikwenda pamoja Angers, nyumbani kwa Foulques, wakapokewa kwa heshima! Suger, abati wa Saint-Denis, anaandika kwamba yule mume wa zamani alikuwa akikaa kwenye kigoda miguuni pa Bertrade, kana kwamba amelogwa. Mimi sioni uchawi hapo. Naona mwanamke aliyejua kupatanisha watu waliokuwa tayari kuchinjana kwa ajili yake.

Sasa nasaba, ambayo ndiyo uliyoniuliza hasa. Kwa Philippe alizaa watoto watatu: Philippe, Fleury na Cécile. Cécile aliolewa na Tancred wa Antiokia, na alipofiwa akaolewa na Pons wa Tripoli, ile ya Lebanoni. Yule mwana wa Anjou, Foulques wa Tano, naye akaishia hukohuko mashariki: alimwoa Mélisende, binti wa mfalme wa Yerusalemu, na mwaka 1131 akawa mfalme wa Yerusalemu. Fikiria, watoto wa mama mmoja na baba mbalimbali, wote wawili wakakutana mbali namna ile na kwao. Kabla hajaondoka, Foulques alikuwa amezaa Geoffroy na mke wake wa kwanza, na mtoto wa Geoffroy ni Henry wa Pili, mfalme wa Uingereza tangu 1154. Kwa hiyo Henry ni kitukuu cha Bertrade, na Richard Moyo wa Simba ni kilembwe chake.

Mfalme Philippe alifariki mwaka 1108. Baada ya miaka michache Bertrade akavaa shela ya utawa wa Fontevraud, na aliaga dunia karibu mwaka 1117.

Humu ndani nimekuwekea shajara ya nasaba niliyoichora kwa mkono. Katika vitabu vingi utamkuta pembeni, ameandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la mume. Mimi nimemweka juu kabisa, Foulques kushoto kwake na Philippe kulia. Ifungue polepole, karatasi ni nyepesi.

Nisalimie mama na watoto wote.

Ni mimi, somo yako.